Mhubiri wa Farasi: Maisha ya Mchungaji Peter Cartwright

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya viongozi wa vikundi na wahubiri wa zamu walipokutana kwa semina. Wengi waliomba yachapishwe, nasi tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya mhubiri mmoja wa Kimethodisti aliyeishi Marekani zamani, wakati nchi ile ilikuwa bado changa na watu walikuwa wakihamia magharibi na shoka na bunduki mkononi. Jina lake ni Peter Cartwright.

Wengine mtauliza, huyo anatuhusu nini? Umethodisti wetu wa Kenya haukutoka Marekani, ulitoka Uingereza. Thomas Wakefield alifika pwani yetu mwaka wa 1862 na kazi ikaanza pale Ribe. Ni kweli. Lakini hebu fikirini kidogo. Neno "sakiti" mnalitumia kila siku. Mnasema sakiti yetu, msimamizi wa sakiti, mkutano wa sakiti. Maana yake ya asili ni mzunguko: mchungaji anaondoka, anazunguka, anarudi alikoanzia, kisha anaondoka tena. Watu waliouzunguka mzunguko huo mpaka farasi akapofuka ni hawa tunaotaka kuwaeleza. Na mwaka huo wa 1862, Wakefield akijenga Ribe, Cartwright alikuwa mzee wa miaka 76 na bado yuko kazini.

Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1785 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa amepigana katika vita vya uhuru wa Marekani. Peter akiwa bado mtoto mdogo, wazazi wake walivuka milima kwenda Kentucky, na baadaye wakakaa wilaya ya Logan, upande wa kusini karibu na mpaka wa Tennessee. Sasa mahali pale palikuwa na sifa mbaya sana. Wauaji, wezi wa farasi, watu wa pesa za bandia, wote waliotoroka sheria mashariki walijificha huko, hata watu wakapaita Bandari ya Walaghai. Raia wema walipounda kikundi cha kujilinda, walipigana na wale wahalifu barabarani kwa bunduki na visu.

Mama yake alikuwa Mmethodisti wa kuomba na kulia machozi. Baba yake hakujali sana mambo ya dini. Kijana alipenda nini? Dansi, mbio za farasi, na karata. Baba mwenyewe ndiye aliyempa farasi wa mashindano na pakiti ya karata. Basi mwaka wa 1801, Peter akiwa na miaka 16 hivi, alirudi nyumbani kutoka kwenye sherehe ya arusi walikocheza sana, na usiku ule moyo wake ukamshtaki. Hakulala. Alimwambia baba amuuze yule farasi. Zile karata akampa mama, na mama akazitia motoni. Hata hivyo amani hakuipata mara moja. Alihangaika kwa miezi, ndipo akaipata katika mkutano mmoja mkubwa wa hadhara.

Mikutano hiyo inataka maelezo kidogo. Nyumba za ibada zilikuwa chache, na familia zilikaa mbali mbali msituni. Kwa hiyo watu walifunga magari ya farasi, wakabeba chakula na matandiko, wakapiga kambi siku kadhaa penye mti na maji. Wapresbiteri na Wamethodisti walihubiri pamoja, huyu juu ya gogo, yule juu ya gari. Mkutano wa Cane Ridge, Kentucky, Agosti 1801, ulikusanya watu maelfu kwa maelfu katika nchi ambayo mji wenye watu elfu mbili ulionekana jiji. Wengine walianguka chini kama waliopigwa risasi. Wengine mwili ulitikisika wenyewe, kichwa kikirushwa mbele na nyuma. Cartwright aliyaona hayo yote na hakuyapokea yote. Aliamini kwamba mengine yalitoka kwa Mungu, mengine yalikuwa ushupavu tu, na alikemea waliojifanya kupokea maono. Tunapenda jambo hilo kwake. Alikuwa mtu wa moto, lakini hakuwa mtu wa kudanganywa.

Mwaka wa 1802 alipewa ruhusa ya kuhimiza watu katika ibada. Mwaka wa 1803 akapanda farasi na kuanza kuzunguka, kijana wa miaka 18. Askofu Francis Asbury alimweka wakfu kuwa shemasi mwaka wa 1806, na Askofu William McKendree akamweka kuwa mzee wa Kanisa mwaka wa 1808.

Elimu yake? Haba. Alikaa shule muda mfupi tu. McKendree ndiye aliyempangia vitabu vya kusoma na kumsukuma ajifunze sarufi, na kijana akasoma akiwa juu ya tandiko, au usiku kando ya moto wa mwenyeji wake. Katika mifuko ya tandiko alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha kanuni za Kanisa. Pia vitabu vya kuuza, kwa maana wahubiri hawa walikuwa ndio duka la vitabu. Katika nyumba nyingi za magogo, kitabu cha kwanza kuingia kililetwa na mhubiri.

Na mshahara je? Hapa wahubiri wa zamu sikilizeni vizuri. Tangu mwaka wa 1800 Kanisa lilikuwa limekubali dola 80 kwa mwaka, na fedha za safari. Zilikubaliwa, hazikulipwa! Mchungaji alipewa kilichopatikana: soksi za sufu, mahindi, kipande cha nyama, mara nyingine asante tu. Na hakukaa mahali pamoja. Mwaka wa 1804 iliamuliwa mhubiri asizidi miaka 2 katika sakiti moja, na wengi hawakufikisha hata hiyo. Mzunguko mmoja ulichukua wiki nne au zaidi, mahubiri karibu kila siku, mito bila madaraja. Mvua ikinyesha sana watu walikuwa wakisema kwamba nje leo hakuna kiumbe isipokuwa kunguru na mhubiri wa Kimethodisti. Wengi wao walikufa vijana, wengine hata kabla ya kufika miaka 30. Homa, kifua, baridi, maji.

Cartwright alipelekwa Ohio, mbali na kwao. Alipotaka kurudi nyumbani kutafuta nguo, safari ilikuwa kama maili 500. Farasi wake alikuwa amepofuka. Tandiko limekwisha, hatamu zimeungwa-ungwa, nguo viraka juu ya viraka. Mfukoni alikuwa na senti 75. Aliondoka hivyo hivyo, akilala kwa watu, akihubiri njiani, na alipofika kwa baba yake alikuwa amebaki na senti 6 na robo. Yule baba asiyejali dini alimpa farasi mwingine, tandiko, nguo na dola 40. Peter akarudi kazini. Baba huyu twaona hajasifiwa vya kutosha. Kanisa lilimtuma mtoto, baba ndiye aliyemvisha.

Wapendwa, msidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa na mwili mkubwa na mikono mizito. Siku moja katika mkutano wa kambi, vijana wawili wa mavazi mazuri waliingia na mijeledi wakasimama upande wa wanawake, wakicheka na kupiga kelele. Aliwakemea, wakamtukana. Akamwita hakimu awakamate. Hakimu akasema haiwezekani. Basi Cartwright akasema, nipe amri mimi nitawashika. Akashuka jukwaani, mmoja akamrushia mjeledi, yeye akamkamata akamwangusha chini. Ugomvi ukawa mkubwa, lakini mwisho wahuni walishikwa na kutozwa faini. Jioni wahubiri wengine walikuwa wameishiwa na nguvu ya kusimama, yeye akapanda na kuhubiri juu ya Mathayo 16:18, kwamba milango ya kuzimu haitalishinda Kanisa, na watu wengi wakaanguka wakilia. Hatusemi kila mhubiri afanye hivyo! Lakini kumbukeni nchi ilivyokuwa. Kama hakimu anaogopa, nani awalinde akina mama waliokuja kuomba?

Pengine alitumia njia nyingine. Akirudi safari moja kutoka mashariki alilala katika nyumba ya wageni milimani. Jioni watu walileta fidla, dansi ikaanza. Yeye amekaa pembeni peke yake. Binti mmoja akamwendea kwa adabu akamwomba wacheze. Cartwright akasimama, akaushika mkono wake, wakaenda katikati. Kisha akasema kwa sauti kwamba yeye kwa miaka mingi hajafanya jambo lo lote muhimu bila kwanza kumwomba Mungu, akapiga magoti palepale, mkono wa binti bado ameushika. Akaomba! Mpiga fidla akakimbilia jikoni. Wengine walilia, wengine wakatoroka. Usiku ule uligeuka ibada, na alipoondoka aliacha kikundi cha Wamethodisti 32.

Hadithi inayojulikana zaidi ni ya Nashville, mwaka wa 1818. Alikuwa akihubiri, na Jenerali Andrew Jackson, shujaa wa vita ambaye baadaye alikuwa Rais, akaingia. Mchungaji mwenyeji akamvuta koti Cartwright na kumnong'oneza kwamba Jenerali ameingia. Cartwright akajibu kwa sauti ya kusikika na wote: Jenerali Jackson ni nani? Asipookoka, Mungu ataihukumu roho yake upesi sawa na ya mtu mweusi kutoka Guinea. Mwenyeji aliona aibu, lakini siku iliyofuata Jackson alimwambia Cartwright kwamba amempenda kwa kutoogopa mtu.

Hadithi hii husimuliwa na watu wanacheka. Sisi tunaomba tusiipite haraka. Alipotaka kutaja mtu wa chini kabisa ili kumlinganisha na mkubwa, alimchukua nani? Mwafrika. Ni kweli alikuwa anasema mbele za Mungu wote ni sawa, na katika mji wa watumwa hilo lilikuwa neno kali. Lakini kipimo chake cha unyonge kilikuwa ni babu zetu. Tuyashike yote mawili.

Kwa sababu mtu huyu huyu aliuchukia utumwa, na ulimgharimu. Umethodisti wa Marekani ulipoanza rasmi mwaka wa 1784 ulikuwa umeweka kanuni kali dhidi ya kumiliki watumwa. Kidogo kidogo kanuni zikalegezwa. Mwaka wa 1808 Kanisa liliruhusu kila mkutano wa jimbo ujitungie kanuni zake kuhusu washiriki wenye watumwa. Mnajua mambo haya yanavyokwenda. Waumini wanaotajirika hawataki kuguswa, na mchungaji anakula mezani kwao. Kentucky lilikuwa jimbo la watumwa. Cartwright alikuwa amemwoa Frances Gaines mwaka wa 1808, na watoto walikuwa wanakua. Aliona kwamba pale mtoto wa mzungu anafundishwa kuwa kushika jembe ni aibu, hiyo ni kazi ya mtumwa.

Akaamua kuhama. Alitoa sababu nne: kuondoka kabisa katika uovu wa utumwa, kulea watoto mahali ambapo kazi si aibu, kupata ardhi kwa ajili yao, na kupeleka Injili kwa watu wasio na mhubiri. Angalieni, hakuficha ile ya ardhi. Ardhi ya serikali wakati huo iliuzwa dola 1 na senti 25 kwa ekari, na kipande kidogo kabisa kilikuwa ekari 80, yaani dola 100. Mhubiri aliyewekewa dola 80 kwa mwaka, asile wala asivae, angekuwa bado anadaiwa.

Walisafiri mwaka wa 1824 kwenda Illinois, jimbo lisilo la watumwa. Njiani walilala msituni chini ya mti mdogo, moto ukiwaka karibu. Moto uliula mti ule kwa chini na hakuna aliyeona. Usiku ukaanguka juu ya binti yao Cynthia, akafa palepale. Hakukuwa na nyumba karibu ya kuomba msaada. Walimbeba mtoto wao garini mpaka wilaya ya Hamilton, wakamzika huko, wakaendelea na safari. Frances alikuwa na watoto wengine wa kutunza, na mbele kulikuwa na kibanda tu.

Walikaa Pleasant Plains, wilaya ya Sangamon. Sisi wa nchi hii tuliowajua walowezi tutauliza swali moja: ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Wakickapoo, Wahindi Wekundu kama tulivyowaita shuleni, waliotia sahihi mkataba wa kuiachia serikali mwaka wa 1819, miaka 5 tu kabla. Cartwright alikimbia dhuluma moja akapanda mahindi juu ya nyingine. Hakuwa peke yake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tuje kwenye siasa, maana tunajua mnangoja hapo. Je, mchungaji agombee kiti?

Agosti 1824, miezi michache kabla Cartwright hajafika, wapiga kura wa Illinois waliulizwa kama waitishe mkutano wa kubadilisha katiba, na kila mtu alijua lengo ni kuruhusu utumwa. Waliokataa walikuwa 6,640, waliokubali 4,972. Ilikuwa karibu. Cartwright aliona hatari haijaisha, na hiyo ndiyo sababu aliyotoa ya kuingia siasa. Alichaguliwa katika bunge la jimbo mwaka wa 1828 na tena 1832. Mwaka huo wa 1832 walikuwa wagombea 13 kwa viti 4. Aliyekuwa wa nane, akashindwa, alikuwa kijana mrefu wa miaka 23, karani wa duka. Jina lake Abraham Lincoln.

Walikutana tena mwaka wa 1846, kiti cha Bunge la taifa. Watu wa upande wa Cartwright walieneza habari kwamba Lincoln si mwamini, ni mpinzani wa dini. Ilibidi Lincoln atoe karatasi iliyochapishwa, akasema ni kweli yeye si mshiriki wa kanisa lo lote, lakini hajawahi kukana ukweli wa Maandiko. Kura zilipohesabiwa: Lincoln 6,340, Cartwright 4,829. Kwa maoni yetu wapiga kura walifanya vizuri. Mchungaji mwenye sababu njema za kugombea aliwaacha wafuasi wake wageuze imani ya mtu kuwa fimbo ya kampeni, na hilo halikuwa lazima. Angekuwa na hoja ya barabara, ya ardhi, ya vita vya Mexico vilivyokuwa vimeanza mwaka ule. Hakugombea tena kiti hicho.

Pia alikuwapo New York mwaka wa 1844 Kanisa lilipopasuka. Askofu James Andrew wa Georgia alikuwa amepata watumwa kwa njia ya ndoa, na mkutano mkuu ukamtaka asimame kazi mpaka jambo hilo liondoke. Watu wa kusini wakakataa, na mwaka wa 1845 wakaunda Kanisa lao. Cartwright alipinga mgawanyiko huo kwa nguvu zote, akawalaumu wenye watumwa, na pia akawalaumu wale waliotaka utumwa ukomeshwe mara moja, ati maneno yao makali yanawafanya mabwana washupae zaidi. Hapo hatukubaliani naye. Mtumwa hakuwa na nafasi katika mkutano ule ya kusema yeye anaweza kungoja mpaka lini. Makanisa hayo yaliungana tena mwaka wa 1939 tu.

Juu ya shule tutasema kidogo. Alipenda kuwacheka wachungaji wa chuo wanaosoma mahubiri kwenye karatasi, lakini mkono wake uko katika kuanzishwa kwa vyuo, kikiwemo McKendree, kilichoanza mwaka wa 1828, na Illinois Wesleyan, mwaka wa 1850, ambavyo vinafundisha hata leo. Kitabu cha maisha yake, alichokitoa mwaka wa 1856, ndicho kilichohifadhi mengi tuliyowaambia.

Halafu mwaka wa 1859 likampata jambo ambalo hakulitazamia. Mjukuu wake, kijana Quinn Harrison, aligombana na kijana mwenzake Greek Crafton katika duka pale Pleasant Plains, akamchoma kisu. Crafton akafa baada ya siku mbili. Mashtaka yalikuwa ya kuua. Na wakili aliyesimama kumtetea mjukuu alikuwa nani? Lincoln yule yule. Crafton naye alikuwa amejifunza sheria katika ofisi ya Lincoln, kwa hiyo haikuwa kesi nyepesi kwa mtu ye yote.

Mzee Cartwright aliitwa shahidi. Alikuwa amekwenda kumwona Crafton kitandani akifa, kama mchungaji anavyokwenda. Aliieleza mahakama kwamba kijana yule alisema amejiletea mwenyewe na kwamba amemsamehe Quinn. Upande wa mashtaka ulipinga maneno hayo yasipokelewe, na Lincoln akapigana mpaka yakapokelewa. Baraza likamwachilia kijana.

Cartwright alihudumu kama mzee msimamizi kwa miaka 50, na mwaka wa 1869 Kanisa lilimfanyia sherehe. Alifariki tarehe 25 Septemba 1872, miaka 87. Frances, aliyekuwa akilima shamba na kulea watoto miaka yote ambayo mume yuko safarini, alibaki Pleasant Plains mpaka mwaka wa 1876. Wamezikwa huko huko, na kaburi la Cynthia liko mbali nao, kwenye njia waliyojia.

Tumemaliza kwa upande wetu. Wenye maswali wasimame, tuanze na upande wa akina mama.